Nilicheza Filamu ya Wapagazi wa Damu Bila Kujua Namwigiza Nani

Baba yangu nilimjulia ukumbini, pamoja na watu waliokata tiketi.

Sitanii, wakuu. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, mke wangu Consolatha pembeni yangu, karanga mapajani. Filamu ilikuwa imeisha. Watu walishaanza kuinuka, wengine wananigonga begani kwa furaha, maana muuaji mkuu kwenye filamu ile nilikuwa mimi.

Halafu skrini ikawa nyeusi. Yakatoka maandishi meupe:

"Raymundi Kasoga, Mpagazi Mkuu, alifia gerezani."

Chini yake picha ya zamani ya mwanaume ameshika baiskeli ya mizigo. Paji langu la uso. Masikio yangu. Hata bega la kushoto lililoshuka kidogo, langu.

Yakatoka maandishi mengine:

"Mtu uliyemwona akiua katika filamu hii ni mwanawe wa kumzaa."

Halafu simu zikawaka, zote zimenielekea mimi.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Kipande cha video kimezunguka sana, na kila aliyekirusha ameongezea la kwake.

Naitwa Eliya Raymundi. Ni fundi seremala hapa Tabora, karakana yangu iko Itetemia. Vitanda, kabati, milango ya mninga, hizo ndizo kazi zangu. Nina mke na mtoto mmoja wa kiume.

Nimekulia Ulyankulu na mama yangu, Apolinaria. Tulikuwa wawili tu. Baba niliambiwa aliitwa Raymundi, alifia machimboni nikiwa sijaanza hata kusema vizuri. Nikidadisi zaidi, mama ananitafutia kazi ya kufanya.

Na Ulyankulu ile ya zamani haikuwa mahali pa kudadisiana. Watu wengi walifika pale wakikimbia vita kwao. Kila nyumba ilikuwa na ilikotoka ambako haipendi kusimulia. Mtoto asiye na habari za baba yake hakuwa kitu cha ajabu.

Justus nilikutana naye darasa la kwanza.

Kwao walikuwa wengi na chakula kilikuwa kidogo, kwa hiyo jioni nyingi alikula kwetu. Mama alikuwa anasonga ugali wa watoto wawili bila kuuliza kama anakuja. Nilipooa, msimamizi wangu alikuwa Justus. Mwanangu alipobatizwa, baba yake wa ubatizo akawa Justus.

Nataka muelewe vizuri ni mtu wa namna gani ninayemzungumzia.

Ukubwani akawa mpiga picha za harusi na kipaimara hapa mjini. Kamera anayo, droni anayo, na hamu ya kuwa staa anayo kuliko hivyo vyote. Siku moja akaja karakana, akakaa juu ya rundo la mbao, akaniambia anataka kutengeneza filamu ya kutisha ambayo Tabora haijawahi kuiona. Itaitwa Wapagazi wa Damu.

Kwa ambao hamjawahi kuwasikia: miaka ya tisini, huku magharibi, palikuwa na genge la wanaume waliokuwa wakisubiri abiria kwenye kituo kidogo cha treni. Ukishuka na mizigo wanakubebea kwa baiskeli hadi vijiji vya ndani, kwa kuifuata ile njia ya zamani ya misafara.

Mgeni aliyekuwa na mwenyeji anayemsubiri alifika salama. Asiyesubiriwa na mtu hakufika.

Walipokamatwa, polisi walitoa miili kwenye kisima kikavu porini. Watu wakawabandika jina hilo la wapagazi wa damu, maana mababu zetu walisifika nchi nzima kwa upagazi, na hawa waliuchafua.

Watoto wa jirani walitishwa nao kila walipokuwa wakorofi. Mama yangu hakunitisha nao hata siku moja. Nilidhani hapendi hadithi za kutisha, basi.

Justus akasema anataka mimi niwe Mpagazi Mkuu.

Nikacheka. Sijawahi kuigiza hata ngonjera za shule. Akasema nina mwili wa kazi, mikono mikubwa, na uso usiosema kitu. Akasema ni kwa ajili yake. Ningemkatalia vipi?

Tulirekodi maporini nyuma ya Ntalikwa, kila tulipopata nafasi. Ilikuwa filamu ya kubangaiza kinoma. Damu yetu ilikuwa choya, yale maua mekundu ya juisi, iliyochemshwa na kukolezwa unga. Utumbo tulipewa na muuza nyama, ukashinda juani, nzi wakatuhamia. Kuna siku maiti wetu mmoja alilalia siafu, akafufuka katikati ya tukio na kuvua suruali mbele ya wote. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Nilifurahia. Siwezi kudanganya.

Tatizo ni kwamba kila nilipojaribu kuigiza, Justus alinikataza. Alikuwa anatazama simu yake, ananitazama mimi, anarudi kwenye simu.

"Usiigize," alikuwa ananiambia. "Tembea unavyotembea tu. Kuwa wewe."

Kwenye filamu ile Mpagazi Mkuu alikuwa na mke. Aliigizwa na dada mmoja mwenye rangi nyekundu mdomoni, ambaye anawapikia wageni mchuzi, anawachekea, halafu anamwonyesha mumewe kwa kidole nani afe. Palikuwa pia na mfanyabiashara wa Kihindi. Alizungumza Kiswahili cha kuvunjavunja ili watu wacheke, na mimi nikamnyonga kwa mpira wa baiskeli huku akiendelea kuchekesha.

Ukumbini siku ile watu walicheka sana kipande hicho. Na mimi nilicheka.

Kisha ndiyo yakatoka yale maandishi.

Sikumbuki vizuri tulivyotoka. Nakumbuka mama mmoja akimvuta binti yake pembeni ili nisimguse nikipita. Nakumbuka Consolatha amenishika mkono, analia bila sauti. Nikamtafuta Justus kwa macho. Alikuwa jukwaani anapigiwa makofi.

Asubuhi nilimfuata studio.

Nilimkuta anaandaa bango jipya kwenye kompyuta. Uso mmoja, nusu mimi, nusu yule mwanaume wa kwenye picha. Nusu hizo zilikutana vizuri mno.

"Ulijua tangu lini?" nikamuuliza.

"Kabla hatujaanza."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungecheza?"

Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama daktari. Akanisogezea kiti. Akanieleza kwamba filamu za damu ziko nyingi, kila mtaa una kijana mwenye kamera na chupa ya rangi nyekundu.

"Watu hawaji kuangalia damu ya choya, Eliya," akasema. "Wanataka damu ya kweli. Damu ya kweli ni wewe."

Nikamuuliza nani alimwambia. Akajibu kwamba ni utafiti wake, na msanii hataji alikochimba. Kisha akaniambia nimshukuru, kwa sababu sasa nchi nzima itanijua.

Sikumpiga. Niliiingiza mikono mfukoni nikaondoka. Tangu jana yake nilikuwa naiogopa mikono yangu mwenyewe.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Jamaa aliyeniletea mbao za milango alikuja kuzichukua, akasema ameahirisha ujenzi. Nikaziona mbao zake kwa fundi wa mtaa wa pili. Mwanangu akarudi kutoka shule akaniuliza mpagazi ni nani, kwa sababu wenzake wamekataa kukaa naye dawati moja. Nikifungua simu, sura yangu ipo, na chini yake watu wanajadili kama mauaji yanarithiwa.

Nilichotaka ni mtu mmoja anijibu. Nikapanda gari kwenda Ulyankulu.

Mama nilimkuta uani anaanika matobolwa, vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa, juu ya mkeka. Alikuwa ameshaiona. Majirani walimletea simu.

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikumpa shikamoo.

"Ni kweli?" nikamuuliza.

Hakuacha kugeuza viazi vyake. "Ndiyo. Ni baba yako."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi lakini siyo kwa jibu fupi namna ile. Hasira yote niliyokuwa nayo kwa Justus ikahamia kwake. Nikamwambia amenidanganya tangu nazaliwa. Nikamwambia nimemwigiza yule mtu na kucheka mbele ya mji mzima kwa sababu yake. Halafu nikasema lile neno ambalo hadi leo nikilikumbuka nasimamisha randa.

"Na wewe ndiye uliyekuwa unawapikia?"

Ndipo akainua uso.

"Hayo umeyapata wapi?"

"Kwenye filamu."

"Uliyoicheza wewe."

"Ndiyo."

Akajifuta mikono kwa khanga. "Basi, baba, umekuja kuuliza jambo ambalo jibu lake umekuja nalo."

Akarudia viazi vyake. Niliondoka bila kunywa hata maji, na hakuniita.

Nilirudi mjini nikiwa sina rafiki wala mama. Ndivyo nilivyoona.

Hazikupita siku nyingi, dada Bansari akanitumia ujumbe niende dukani kwake.

Dada Bansari ana duka la vifaa vya ujenzi mjini. Misumari yangu, bawaba na vanishi vyote vinatoka kwake, na rafu zote za duka lile nimezipiga mimi. Ni mwanamke mtaratibu, ameniacha kwa umri, na mkali kwa wezi wa vipimo. Na mji mzima unajua kwamba baba yake, mzee Premji, aliyekuwa akinunua nta na asali vijijini, aliuawa na wapagazi.

Yaani yule Mhindi wa kuchekesha alikuwa baba yake. Na mimi ndiye niliyemnyonga, watu wakipasuka mbavu.

Nilikwenda kwa miguu, polepole. Niliamini ananiita kunitemea mate, na nilikuwa tayari kuyapokea.

Alifunga mlango mmoja wa duka, akaniletea chai.

"Kaa, fundi."

Nikakaa. Akasema ameiona filamu, mjukuu wa shangazi yake alimrushia.

"Baba yangu hakuwa anaongea vile," akasema. "Amezaliwa mji huu huu. Kinyamwezi alikijua kukuzidi wewe."

Nikaanza kuomba radhi. Akainua mkono kunizuia. Akaniuliza kama mama yangu ameniambia yaliyotokea. Nikamjibu kwamba nilimuuliza kama alikuwa anawapikia wale watu, na hakukubali wala kukana.

Dada Bansari akaweka kikombe chini.

"Ulimuuliza hivyo? Mama yako?"

Ndipo akanisimulia.

Wakati ule alikuwa binti wa shule, anakaa nyuma ya mizani akimsaidia mama yake, marehemu Bachubai. Mzee Premji alikuwa amesafiri na hakurudi siku aliyosema. Walidhani treni imechelewa, au asali imekuwa nyingi. Asubuhi moja akaingia dukani mwanamke wa kijijini, peku, vumbi hadi magotini, mtoto mgongoni. Alikuwa ametembea kutoka mbali.

Akaweka juu ya kaunta chombo cha chakula, vile vya bati vya Kihindi vinavyopandana kwa ghorofa. Kule vijijini Mhindi aliyejulikana alikuwa mmoja tu, mnunuzi wa asali.

Dada Bansari alinikariria maneno ya mwanamke yule kama mtu anayesoma sala.

"Shikamoo, mama. Hiki ni cha kwenu? Mume wangu amekileta nyumbani, anasema kauziwa njiani, niweke sukari. Nimekifungua nimekuta chapati. Mtu hauzi chakula chake cha mchana."

Bachubai akafunua ghorofa ya juu. Achari ya ndimu aliyoiweka kwa mkono wake ilikuwa bado imo.

Hakulia, dada Bansari aliniambia. Alimshika yule mwanamke mkono akamwingiza ndani, akamfungua mtoto mgongoni, akampa maziwa mtoto.

"Mtoto huyo ni wewe, fundi."

Chai yangu ilipoa pale pale.

Wajomba wa dada Bansari ndio walioenda polisi. Mama aliwaelekeza kila kitu: majina ya wenzake baba, njia wanayopita, kisima. Jina lake halikutajwa popote, hata mahakamani, kwa sababu ndugu wa Kasoga walikuwa wengi na walikuwa wanamtafuta aliyewachoma kwa polisi. Bachubai akampakia mama kwenye lori la tumbaku hadi Ulyankulu, mahali ambapo hakuna anayemuuliza mgeni katoka wapi. Kisha akaiapisha familia yake yote kufunga mdomo.

"Mama yangu amekufa na siri hiyo," dada Bansari akasema. "Mimi nimekuona ukija hapa tangu unajifunza kazi. Nilikuwa najua ni nani anayenunua misumari. Nafurahi tu umekua."

Nililia kwenye duka la watu, wakuu, mbele ya mabati na ndoo.

Kesho yake nilikuwa Ulyankulu tena. Safari hii nilianza na magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Tulikaa. Baadaye nikamuuliza kwa nini hakujitetea siku ile, wakati neno moja lilitosha kunifunga mdomo. Akaniambia alitaka kwanza ajue kama mwanawe anamjua.



Alinisimulia machache kuhusu baba. Kwamba alikuwa mpole nyumbani. Kwamba alinibeba nikilia. Kwamba siku walipomkamata alimwangalia mama akajua, na hakusema neno. Alisema hilo ndilo lililomsumbua miaka yote, wala siyo woga.

Halafu akauliza filamu inaonyeshwa tena lini.

Nikamwambia Jumapili mchana. Nikamsihi aachane nayo. Akasema mimi nimechafuliwa na jambo alilofanya mume wake, na yeye amechafuliwa na jambo ambalo hakulifanya, na siri yake sasa hailindi mtu tena.

Jumapili ukumbi ulijaa kuliko mara ya kwanza. Lile bango la nusu kwa nusu lilikuwa limebandikwa mlangoni. Mama alitoka kanisani akaja moja kwa moja, kitenge chake cha Jumapili, kitambaa kichwani. Dada Bansari akakaa kulia kwake. Mimi, Consolatha na mtoto tulikaa kushoto, ila mtoto tulimtoa nje filamu ilipoanza, akabaki na mama yake uani.

Mama aliitazama yote. Alimtazama yule dada wa midomo myekundu akipika na kucheka, watu wakipiga miluzi. Hakupepesa.

Filamu ilipoisha, kabla ya yale maandishi, Justus alipanda jukwaani na kipaza sauti kuwatambulisha wasanii. Mama akainuka, akatembea hadi mbele.

Justus alimwona akashtuka. Kisha nikaona uso wake ukibadilika, nami namjua, ile ilikuwa furaha. Akampa kipaza sauti kwa mikono miwili, akarudi nyuma, akatoa simu, akaanza kurekodi.

"Naitwa Apolinaria," mama akasema. "Mimi ndiye yule mke. Sikumpikia mtu. Mimi ndiye niliyewafichua kwa polisi."

Watu wakaguna. Akaeleza kwa ufupi, bila kuinua sauti, jinsi alivyoletewa kile chombo na jinsi alivyotembea. Kijana mmoja nyuma akasema huyo bibi amepangwa, ni matangazo. Hapo dada Bansari akasimama alipokuwa, akataja jina lake na la baba yake, akasema ni kweli, mwanamke huyu aliingia dukani kwao na yeye alikuwepo.

Hakuna aliyeguna tena.

Mama akamgeukia Justus, aliyekuwa bado ameinua simu.

"Justus, teremsha hiyo. Wazazi wako walifika Ulyankulu na siri zao. Kuna mtu aliwahi kuwauliza?"

Simu ikashuka. Alisimama hivyo, kichwa chini, kama alivyokuwa akisimama mlangoni kwetu akiwa mtoto anasubiri kukaribishwa. Kisha akapita mlango wa nyuma. Hatujazungumza tangu siku hiyo.

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja alivua kofia. Mwanamke nisiyemfahamu akaja mbele, akamshika mama mikono yote miwili, akamwambia kaka yake alikuwa kwenye kile kisima. Walisimama wameshikana hivyo hadi ukumbi ukabaki mtupu. Mwenye ukumbi aliikataa filamu ile kuanzia siku hiyo, ingawa mtandaoni ipo, watu wanaitazama, na yule dada bado anapika.

Ningeweza kuishia hapa, ingekuwa simulizi nzuri. Kwa bahati mbaya haikuishia hapo.

Tulitoka nje, pale uani, kusubiri bajaji ya kumpeleka mama nyumbani kwangu. Moyo ulikuwa mwepesi. Nikamuuliza mama swali ambalo Justus alikataa kulijibu. Nyumba ya mzee Premji haikusema. Yeye hakusema. Sasa Justus alijulia wapi?

Mama akageuza uso upande.

"Nilimwambia mtu mmoja," akasema. "Mmoja tu."

Hakumtaja. Ila nilifuata macho yake.

Consolatha alikuwa amechuchumaa, anamfunga mtoto kamba za viatu. Alimaliza kuzifunga. Akazifungua, akaanza upya.

"Nilitaka kukuambia," akasema, akiwa bado amechuchumaa.

Ilikuwa wakati mwanetu anazaliwa. Nilitaka aitwe Raymundi, jina la babu yake, na Consolatha alilipenda. Mama akamwita pembeni, akamwomba wachague jina lingine. Consolatha akataka kujua sababu, akashikilia, mpaka mama akaona bora amwambie mkwewe kuliko mjukuu abebe jina lile.

Consolatha alikaa nalo likamshinda. Aliogopa kunificha, akaogopa kuniambia. Akamwendea mtu anayenifahamu kuliko wote, amshauri namna ya kunifikishia bila kunivunja.

Akamwendea Justus.

"Alisema nimwachie yeye," Consolatha akasema. "Alisema wewe ni ndugu yake, atakuambia taratibu. Filamu ilipoanza nikamuuliza, akasema atakuambia tukimaliza kurekodi. Nikamwamini."

Nikakumbuka nilivyokuwa narudi kutoka Ntalikwa na choya kifuani, nikijisifu nilivyoua vizuri siku hiyo. Alikuwa analipokea lile shati, analiloweka, analifua, analianika. Anajua.

Bajaji ikafika. Mama akapanda, mtoto akapanda. Sisi wawili tulibaki tumesimama, dereva akapiga honi.

Tupo pamoja bado. Mama amenisihi, na naelewa kwamba Consolatha hakutaka nidhurike. Anapika, tunakula, tunaongea habari za mtoto. Lakini kuna vitu nilikuwa namwambia mwanamke yule nikiwa nimelala chali naangalia dari, na siku hizi siviambii. Justus simfikirii sana. Wa ndani kwangu ndiye anayeniuma.

Wakuu, nimeandika haya kwa sababu moja. Ukipewa siri ya mtu ikakuzidi nguvu, mrudishie mwenyewe, hata kama sauti inatetemeka, hata kama atakuchukia mwezi mzima. Usiipitishe kwa rafiki yake ili akusaidie kuisema. Ukishaifikisha kwa mtu wa tatu umeshaipeleka sokoni, na bei hupangi wewe.